Ncha Zinazobanduka

3 Februari

Kwako Kiroboto, mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipata kupitia kwa mama yako. Marahaba, na nyingine naitanguliza kwa utakaponijibu. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika ila silisikilizi. Paka amezaa tena ndani ya sanduku la mbao, kwa hiyo mbao zangu nzuri zote ziko chini ya paka. Simu usinipigie. Ilitumbukia kwenye kopo la vanishi, nikaitoa nikaining'iniza ikauke, na sasa inang'aa kuliko upinde wowote niliowahi kutengeneza, lakini haisemi. Fundi simu ameniuliza kama nataka aipige msasa.

Chumba cha jirani, pale alipokuwa muuza matairi, kimepata mpangaji tangu mwaka mpya. Ni fundi cherehani, mjane, mtu mzima, mtaratibu. Mafua hayamwachi, maskini. Akija kuazima mkasi wangu anapiga chafya mpaka paka wanakimbia. Nimekutajia tu kwa sababu ni jirani.

Sasa jambo lenyewe, nalo ni dogo. Upinde wa mkufunzi wa klabu ya shabaha, yule mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto, umepata hitilafu kidogo. Alikuja kuujaribu uani. Akavuta, akaachia, mshale ukaenda vizuri, na kipande cha ncha ya juu nacho kikaenda, kwa njia yake. Kikatua ndani ya kikombe chake cha chai. Alikitoa kwa kijiko akaniuliza, "Fundi, hiki ni chako?" Nikasema ni changu.

Itakuwa gundi imezeeka. Nakuuliza tu kwa kuwa huko kwenye magitaa mnabandika kutwa nzima: gundi inaweza kuharibika kopo likiwa limefungwa?

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na goti nalo shikamoo, maana lina umri wake. Mama mzima na anakusalimu. Bado anaamini kila anayeingia nyumbani kwake ana matope miguuni, juzi kamfutisha miguu hata daktari. Mimi kazini salama. Wiki hii nimebandika shingo ya gitaa la mtu aliyelikalia. Yeye anasema lilianguka. Limebonyea umbo la makalio yake kabisa, lakini bosi anasema tusibishane na mteja.

Nilimsomea Mama barua yako, akaniuliza kipande cha ncha ni nini. Miaka yote hii kaka yake anatengeneza pinde! Nikamweleza: upinde wa Mjomba ni mbao nyembamba zilizobandikwa moja juu ya nyingine, ndiyo maana mabawa yake yanapinda bila kuvunjika. Kwenye ncha ya kila bawa anabandika kipande cha mti mgumu, kidogo kama ncha ya kidole, halafu anakichonga mfereji wa kushikilia ugwe, ile kamba ya kuvutia mshale. Bila hicho, ugwe utakata ile mbao kama uzi unavyokata sabuni. Mama akasema, "Kwa hiyo kikitoka hicho, hakuna upinde." Nikasema ndiyo.

Gundi iliyofungwa haifi upesi hivyo. Nina maswali, na usinune. Kipande ni mpingo? Mpingo una mafuta yake ya asili, uliupangusa kwa spiriti? Ulikwaruza pande zote mbili? Na ulipofunga kwa mpira wa baiskeli, hukukaza mno? Ni wewe uliyenifundisha kwamba ukikaza kupita kiasi gundi yote inakimbilia nje, mbao zinabaki zimeshikana kwa heshima tu.

Halafu Mjomba, fundi cherehani anaazima mkasi wa nini? Mama naye anauliza huyo jirani ana umri gani.

Kiroboto

8 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Paka wamefumbua macho na mmoja ameshaanza kulala kwenye boksi la misasa, sijui ngozi yake ni ya namna gani. Jirani ameniletea mto wa kukalia, ameushona kwa mabaki ya vitambaa. Mkasi wake umeisha makali, ndiyo maana anaazima. Umri wake sijauliza na sina shughuli ya kuuliza watu umri. Mwambie hivyo mama yako.

Maswali yako nimeyasoma nimesimama, kwa hasira. Yaani mtu niliyemfundisha kushika tupa ananiuliza kama nilipiga msasa! Haya, sikiliza sasa. Nilinunua gundi mpya. Nikakwaruza bawa, nikakwaruza mpingo. Nikapangusa kwa spiriti, kitambaa safi, nikarudia. Nikaiacha spiriti iruke. Nikajipapasa kipara nikatafakari, unanijua. Nikapitisha dole gumba juu ya mbao, lile tunaloliita dole la mwisho, kuhakikisha hakuna kivimbe, kama alivyofanya babu yako. Nikapaka gundi, nikaweka kipande, nikafunga mpira, mkazo wa kumshika mtoto mkono barabarani. Nikaweka juani. Kesho yake nikachonga mfereji kwa tupa ya mviringo, nikasawazisha kando mpaka usingejua mpingo unaanzia wapi, nikapaka vanishi. Ulipendeza mpaka nikamwita jirani aje aone.

Akaja, akapiga chafya. Nikafunga ugwe mbele yake, na kipande kikabanduka. Hakikuruka safari hii. Kilijivua taratibu kama stempu.

Alikiokota yeye. Mimi nilijifanya natafuta miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Ni hali ya hewa, nadhani. Jiliwa kubwa la kubania mbao nimemwahidi fundi baiskeli. Mtu anayepumzika hahitaji jiliwa kubwa. Nimemwandikia pia dada yangu, mambo ya kawaida tu.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima wote, salamu zimetosha. Jiliwa?

Jiliwa lile ndilo nililobana nalo kidole nikiwa sijaanza shule, nikapiga kelele mpaka muuza matairi akaja na jeki. Huwezi kumpa mtu. Na nani amesema unapumzika? Unaniandikia ukurasa mzima habari za paka, halafu hili unalipitisha mlango wa nyuma. Mikono yako ina nini? Inatetemeka? Macho? Niambie mimi, Mama simwambii.

Nitumie kipande kilichobanduka. Usikisafishe, usikipige msasa, usikichezee. Kifunge kwenye karatasi kama kilivyo.

Mama anasema huku kuna nafasi ya kutosha, hewa ni nzuri na rangi inakauka upesi. Rangi ya nini usiniulize, nimekatazwa.

Kiroboto

5 Aprili

Kiroboto,

Rangi ya nini?

Mimi nilimwandikia dada kwamba labda, ikibidi, huenda nikapumzika. Yale maneno "labda", "ikibidi" na "huenda" sijui kama aliyasoma. Amenijibu akiniuliza kama napenda dirisha la upande wa mashariki. Nampenda dada yangu, lakini nikiishi kwake nitakuwa navua viatu hata nikiwa kitandani.

Umeuliza mikono. Haitetemeki. Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu. Ingetetemeka ningejua ni uzee, ningesalimu amri. Lakini inafanya kila kitu kama zamani, naitazama ikifanya, na bado kitu hakishiki. Nimebandika tena mara moja baada ya ile niliyokusimulia, nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga. Kikatoka.

Mkufunzi amenipa nafasi ya mwisho. Mashindano ya klabu ni mwisho wa Juni, na anautaka upinde wake kabla. Ukishika, naendelea na kazi. Ukibanduka mkononi mwake, nafunga karakana na nakuja kutazama hiyo rangi. Nimeamua na sitaki kubembelezwa.

Kipande hicho hapo ndani. Sijakichezea. Jirani anaendelea vizuri ila mafua yamezidi, siku hizi hakai hata dakika, anasalimia na kutoka mbio.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Kaa kwanza kwenye ule mto wako.

Kipande nilikifungulia mezani kazini. Sijakitazama bado, bosi akanyanyua kichwa akauliza, "Nani amejipulizia manukato?" Tukakizungusha. Mpakaji vanishi wetu alikinusa akasema asmini. Dada wa mapokezi akakinusa akasema si asmini hivi hivi, ni yale mafuta ya nywele ya chupa ya kijani, shangazi yake anayapaka akienda harusini.

Mjomba, wewe huna nywele.

Nikakiweka chini ya taa. Pembeni gundi imeshika vizuri sana, imeng'oa hadi nyuzi za mbao. Katikati imekataa, na pale ilipokataa pana umbo la dole gumba, safi, mpaka lile kovu lako la randa linaonekana. Sasa nisikilize. Unapangusa spiriti, sawa. Unaiacha iruke, sawa. Halafu unajipapasa kipara kutafakari. Halafu kwa mkono huo huo unapitisha dole la mwisho. Miaka yote kipara chako kilikuwa kikavu kama msasa na hapakuwa na neno. Sasa kinapakwa mafuta, na wewe unayachukua pale juu na kuyapeleka kwenye mbao kila mara, kwa mkono wako mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa.

Ni hilo tu! Mikono yako ni mizima! Nililia pale mezani kwa furaha, bosi akadhani asmini imenidhuru, akafungua madirisha.

Acha mafuta au acha dole, chagua moja. Umeanza kupaka kwa ajili ya nani, mimi siulizi. Mama ndiye anauliza.

Kiroboto wako

1 Mei

Kwa mpwa wangu,

Barua yako imefika.

Ni ngozi. Ngozi ya kichwa ilikuwa inakauka, mtu yeyote wa umri wangu inamtokea. Dole la mwisho nilifundishwa na baba yangu, naye alifundishwa na baba yake, na hakuna wa kuliondoa kwenye karakana hii kwa sababu watu wa magitaa wamekaa kunusanusa mali ya mtu.

Salimia dada.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili tangu ile yako fupi, na bado hujajibu. Nimemtuma mtu apite hapo, akasema mlango umefungwa. Sijui umekasirika, unaumwa, au ndiyo umefunga kabisa.

Nilifanya utani mahali ambapo ningesema kwa adabu. Nilifurahi mno kwamba huna ugonjwa, nikasahau kwamba hakuna mwanamume anayetaka kichwa chake kinuswe na ofisi nzima. Nisamehe. Jipake unachotaka, Mjomba, jipake mpaka shingoni, ila usifunge karakana kwa sababu ya aibu mbele ya mtoto uliyemlea mwenyewe. Nilipokuwa mdogo, pale ndipo mahali pekee duniani ambapo sikuambiwa nitulie. Nikisikia pamekuwa duka la soda sitaweza.

Mama amenunua mapazia. Nimemwambia asubiri. Ameniuliza asubiri nini, nami nakuuliza wewe.

Nijibu hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Kiroboto

21 Juni

Kiroboto wangu,

Marahaba, na ile ya barua iliyopita, na ile iliyotangulia. Sijaumwa. Mlango ulifungwa kwa sababu nilikuwa ndani nafanya jambo ambalo sikutaka kuonekana nikilifanya, yaani kujaribu kuthibitisha kwamba wewe umekosea. Hasira zilikwisha mapema, iliyobaki ilikuwa aibu tupu.

Nilichukua mabaki ya mbao nikabandika vipande vya mpingo. Kimoja nilifanya kama kawaida yangu, kipara halafu dole. Kingine nilinawa kwa sabuni ya kufulia kabla ya dole. Kingine sikukigusa kabisa. Kesho yake nikavishika kwa koleo. Kile cha kwanza kilitoka kama ganda la kitunguu. Vile vingine viwili vilikataa, nikavuta, nikavuta, mpaka ikapasuka mbao yenyewe, gundi ikabaki inanitazama. Nilikaa chini. Nilifurahi na nikaona haya kwa wakati mmoja, na sijui kama umewahi, lakini inachosha sana.

Dole nimelihamisha. Sasa linapita kabla ya spiriti, si baada. Babu yako angekubali. Asingekubali, lakini hayupo.

Mafuta yalikuwa mtihani zaidi. Niliyaacha, nikaosha kichwa, na siku hiyo nikawa namkwepa jirani, napita nyuma kwenye mapipa. Akanifuata mwenyewe. Akakaa. Akazungumza habari za bei ya vitambaa, na za mteja wake anayetaka gauni lipungue bila yeye kupungua, chai ikaisha, nikaweka nyingine, na hakupiga chafya hata moja. Nikamwambia, "Jirani, naona mafua yamepona."

Akasema, "Mafua gani? Mimi sijawahi kuumwa mafua hapa. Ni yale mafuta yako. Asmini inaniwasha pua tangu utoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unapaka kwa ajili ya mtu. Nikaona nisikuharibie."

Kiroboto, nilisema, "Ni kweli nilipaka kwa ajili ya mtu." Akauliza nani. Nikasema ngoja nikachanganye gundi.

Basi tulibandika ncha za mkufunzi pamoja, siku ile ile. Mimi niliweka kipande, yeye akazungusha mpira. Ana mkono wa kukaza vizuri, hakazi kwa pupa. Alinishika mkono kila ulipoanza kupanda kichwani. Nilichonga mfereji polepole, nikapiga msasa mlaini, vanishi nikapaka nikiwa nimekaa kwenye mto, na usiku wake sikulala.

Mkufunzi alikuja jana. Alikataa chai. Nilimpa upinde nikasimama nyuma yake, sikutaka anione uso. Akafunga ugwe. Akavuta mpaka sikioni, akaushikilia hapo, nadhani kwa makusudi, kisha akaachia. Akavuta tena. Alipiga mpaka mishale ikaisha, akaenda kuiokota, akarudi akapiga tena, na kila akivuta mimi ndani yangu kitu kilikuwa kinavutwa. Mwisho akazigusa ncha zote mbili kwa kucha, akapiga kelele zake, "Fundi, hizi haziendi popote!" na mtaa mzima ukajua. Ameagiza pinde za klabu nzima. Fundi baiskeli nimemwambia jiliwa siuzi wala sigawi. Amesema vizuri, maana lilimshinda kunyanyua.

Mkufunzi alipoondoka niliingia ndani nikalia. Nakuandikia wewe tu. Nililia kama mtoto, nimeegemea meza ya kazi, paka wananitazama. Jirani akaingia akauliza kuna nini. Nikasema vumbi la msasa. Akasema, "Leo hujapiga msasa."

Nikaona nimwambie basi. Nikamwambia nilidhani nimekwisha. Kwamba kila kipande kilipobanduka nilikuwa najiaga mwenyewe, na kwamba kabla sijaondoka hapa nilitaka mtu mmoja tu anione kijana, na huyo mtu ni yeye.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka, kama anayepima suti.

"Kijana mimi sijamwona," akasema. "Nimemwona fundi. Ni fundi ndiye ninayemfuata hapa kila siku."

Nimeiandika hapa kama alivyoisema, nisije nikaisahau, ingawa sidhani. Mwambie dada yangu siji kuhamia. Atapiga kelele, mwache apige. Mwambie na sababu.

Mjomba wako, fundi